Jezi ya Sufu na Shati la Amparo

Jumanne, 14 Mei 2024. Tucson.
Barua kutoka uwanjani! Jumapili, saa saba mchana, kabla ya mechi, sisi mabingwa wa besiboli wa ligi ya migodi, mwaka 1974, tutaitwa uwanjani jina kwa jina. Tumebaki saba. Nimeisoma barua mara nne, mara moja kwa sauti.

Marisela, binti yangu, muuguzi, akapiga simu kutoka Portland, huko mvua isikokatika. Anakuja kutazama. Kisha akarudia yaleyale. Mwaka jana nilizimia kwa jua pale pale uwanjani. Nikianguka tena, nyumba inauzwa, nami nahamia kwake. Nikamwambia hapa joto letu ni kavu, halina neno.

“Hata tanuri ni kavu, Baba,” akasema.

Portland! Mtu niliyezaliwa jangwani nikaote ukungu!

Nguo nimeshaamua. Jezi yangu ya mwaka ule, sufu nzito, buluu iliyoiva, namba nane mgongoni. Kabatini liko pia shati jeupe la pamba, mikono mirefu, pana, ambalo marehemu mke wangu Amparo alinishonea kwa mechi za mchana. Limekunjwa vilevile alivyoliacha miaka mitatu iliyopita. Siligusi. Nikilikunjua, sitaweza kulikunja kama yeye, na hilo naliogopa kuliko jua.

Jumatano, 15 Mei
Shemeji Eliseo amekuja kunywa kahawa yangu. Ni kaka yake Amparo, naye alikuwa mdakaji wetu. Akanieleza atakavyovaa Jumapili: shati jeupe la mikono mirefu, kofia ya ukindu pana kama sinia, kitambaa kilicholowa maji shingoni, na mwavuli. Mwavuli! Utadhani anakwenda kurina asali.

Nikamuuliza jezi yake iko wapi. Akasema imeliwa na nondo. Nondo wenyewe nawajua, wanakaa tumboni mwake. Yangu inafungika vizuri nisipovuta pumzi sana. Kwa hiyo Jumapili nitakuwa peke yangu ndani ya jezi. Nilijitahidi kusikitika.

Mkakati: jani la kabichi lililogandishwa, chini ya kepu. Wachezaji wa zamani walifanya hivyo.

Ijumaa, 17 Mei
Jaribio uani, saa sita mchana, jezi na kabichi. Dakika ishirini nilikuwa mfalme. Dakika ya arobaini jani likaiva. Nikanuka supu. Mbwa wa jirani akanifuata hadi mlangoni na kunitazama kwa mapenzi.

Nimefikiria kukata tundu mgongoni pa jezi ili hewa ipite. Haiwezekani, namba nane iko hapo. Nimekata kwapani. Mkakati wa pili: mifuko miwili ya njegere zilizogandishwa, ndani ya suruali.

Jumamosi, 18 Mei
Marisela amefika. Amekonda. Aliitazama jezi, akanitazama mimi, akaingia chumbani. Akalitoa shati la mama yake na kuliweka kitandani, bado limekunjwa. Akasema Mama alilishona kwa ajili ya siku kama ya kesho. Nikaahidi kulivaa.

Sikudanganya kabisa. Sikusema lini.

Jumapili, 19 Mei
Nilitangulia asubuhi na jezi ndani ya mfuko wa mkate. Nikabadili chooni.

Nimeitwa! Refugio Bracamonte, namba nane! Watu wakasimama. Kwa dakika moja nilikuwa na miaka ishirini na minne, na Amparo yuko jukwaani akila mbegu za alizeti. Ningeweza kufa hapo hapo nikiwa nimeridhika, jambo ambalo ndilo hasa Marisela alikuwa akiliogopa.

Wazee tulipewa benchi la heshima kando ya uwanja, juani. Jamaa zetu walikaa upande wa pili, kivulini, na umati katikati, hawakutuona. Nilikaa vipindi vitano vizima. Katika cha tatu njegere ziliyeyuka, na shemeji akauliza, kwa sauti ya kufika mbali, kama ninahitaji kupelekwa msalani. Lakini sikuanguka! Nikazunguka kwa miguu yangu hadi kwa Marisela. Jezi kavu kama biskuti. Nikamwambia niliivaa dakika tano tu, kisha nikakaa kivulini nikinywa maji. Aguse mwenyewe, hakuna hata tone la jasho.

Hakugusa. Alipitisha kidole hewani mbele ya kifua changu, taratibu. Nikatazama chini. Juu ya ile buluu palikuwa na mistari myeupe, mmoja ndani ya mwingine, kutoka kwapani hadi tumboni. Jasho letu hapa hukauka kabla hujaliona. Nimeishi humu miaka sabini na minne, na nilisahau linachokiacha.

“Hii chumvi yote ya nani, Baba?”

Akalia. Mara ya mwisho kumwona hivyo ilikuwa mazishini. Akasema hataki kunizika ndani ya jezi. Niliona aibu, aibu ya kweli.

Shemeji alikuwa amenifuata. Akafungua mkoba wake, akatoa shati la Amparo. Marisela alikuwa amemkabidhi asubuhi, maana ananijua.

“Shemeji, dada yangu hakulishona likae kabatini,” akasema.

Wakanivua jezi, wakanivalisha shati wawili, kama mtoto. Upepo ukapita ndani. Nikanywa maji chupa mbili. Eliseo akanishikia mwavuli vipindi vinne vilivyobaki, na hakusema “nilikuambia” hadi mpira wa mwisho.

Jumatatu, 20 Mei
Marisela ameondoka. Hukumu: nyumba haiuzwi. Sharti: mechi zote za mchana nitakwenda na shemeji, nimevaa shati, na yeye atanipiga picha na kumtumia binti yangu kabla ya mpira wa kwanza. Nimeapa mbele ya picha ya Amparo.

Nililifua shati. Kulikunja nikashindwa mara sita, nikakaa kitandani nalo magotini. Eliseo akalichukua, mikono ndani, kola juu, likatoka vilevile. Mama yao aliwafundisha wote wawili. Akanionyesha mara mbili. Sasa naweza. Yule si mtu mbaya.

Alhamisi kuna mechi, saa sita mchana. Nimelijaribu shati mbele ya kioo. Amparo alilishona pana sana, Mungu amrehemu. Jezi inaingia chini yake yote, na kwenye picha haitaonekana hata kidogo.

Kesho ninunue kabichi.