Msiba wa Mwenyekiti

Jumatano, 3 Septemba

Mie nina nyota. Miaka minne naongoza chama chetu cha kuzikana hapa Goba, na sijaulizwa swali hata moja. Wenzangu wanaongoza kwa presha, mie naongoza kwa bahati.

Leo kaja Editha, mkuu wa kamati ya usimamizi. Anasema Jumapili ni mkutano mkuu, hakuna kukwepa, na wanachama wanataka kuliona turubai la chama. Nikamwambia lipo. Akauliza lipo wapi. Nikamwambia sista, mali ya chama haitangazwi barabarani. Hakucheka.

Turubai lipo Mtoni, juu ya banda la Mwanakombo muuza chapati. Masika yalikuwa yanamlowesha yeye na wanawe, nikampa. Sikumuuliza mtu. Mwenyekiti mzima niombe ruhusa?

Alhamisi, 4 Septemba

Nimekwenda Mtoni kulichukua. Limeshakatwa vipande na kupigiliwa misumari. Mwanakombo kanikaribisha chapati, wanawe wananiita baba. Nimerudi mikono mitupu, tumbo limejaa.

Nimeisoma katiba upya. Kuna kifungu kitamu: mkutano mkuu haufanyiki chama kikiwa na msiba.

Ijumaa, 5 Septemba

Msiba hakuna. Mwanachama wetu Mzee Mfaume, aliyetoka hospitali juzi na bandeji kichwani, nimemkuta anakula ugali wa watu wawili. Nikampa shikamoo, nikaondoka na huzuni yangu.

Jumamosi, 6 Septemba

Nimemuua baba mkubwa Adelard, wa Masasi. Nimeandika kwenye grupu: mzee katutoka, mkutano uahirishwe. Pole zikamiminika. Nikapumua.

Kisha Editha akauliza turubai lije kufungwa kwangu saa ngapi. Hilo sikuliwaza. Nikajibu haraka kwamba msiba uko Masasi, naondoka alfajiri, mie na mke wangu tu.

Baba mkubwa kapiga simu leo asubuhi, anataka viatu. Yustina, mke wangu, ndiye aliyepokea. Kaniambia, "Baba Noela, ukifika msalimie marehemu."

Jumapili, 7 Septemba

Alfajiri, honi. Basi zima mlangoni. Wanachama wote wamo, na mchele, na sufuria, na Mzee Mfaume na bandeji yake. Editha kasema mfiwa hasafiri peke yake, wanakwenda kuzika wote.

Nikakaa kiti cha mbele. Tulipofika Mtoni mtu akasema tusimame tununue chapati. Basi likaegeshwa mbele ya banda la Mwanakombo hasa.

Nikasimama. Nikasema nimepata simu, mzee kazinduka. Yustina akasema hakuwahi kulala.

Editha akatazama nyuma, akahesabu vichwa. "Basi msiba hakuna, na akidi imetimia. Mkutano mkuu umefunguliwa. Mwenyekiti, turubai liko wapi?"

Nikanyoosha kidole dirishani.

Mzee Mfaume akasema, "Mwanangu, ungetuambia tungekuja kumfungia wenyewe."

Hilo liliniuma kuliko kura. Kura zilipigwa humo humo ndani ya basi. Mkono wa kunitetea ulikuwa wangu tu. Yustina alikuwa ameshika chapati kwa mikono yote miwili.

Jumapili, 14 Septemba

Kamati ya maji ya mtaa imeniachia ufunguo wa pampu mpaka wapate mtu wa kudumu. Jirani yangu Masoud bustani yake inakauka, nimeshamwahidi afungulie atakavyo. Kamati sijaiambia. Watu wana mambo mengi.

Na ile habari ya nyota ni uongo. Sikuulizwa maswali kwa sababu miaka yote minne sikuitisha mkutano.