Tunafunga Gesi

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya kwanza kazini kwa Mjomba. Wiki hii tunakagua mitambo ya kuzima moto katika majiko ya hoteli moja kubwa. Juu ya meko kuna mabomba yenye pua ndogo. Mafuta yakishika moto, pua zinamwaga dawa na gesi inajikata. Kazi yangu ni kupangusa grisi, kukagua vifuniko vya pua na kunyamaza. Kunyamaza nakuweza.

Tatizo moja tu. Kabla ya jaribio, msaidizi lazima asimame mlangoni apaze sauti, "Tunafunga gesi," mpaka kila mpishi aitikie. Nimesimama. Nimefungua mdomo. Mpishi mkuu akaniuliza kama nimetumwa chumvi. Nikasema ndiyo. Nimerudi na chumvi.

Mama ameshasema: Mjomba asiponikubali kufikia Ijumaa, naenda saluni kwa shangazi. Kule wanaongea kutwa, na wateja wanataka kujibiwa.

Jumanne, 5 Machi
Nimeandika TUNAFUNGA GESI kwenye kadibodi. Herufi kubwa, mstari chini. Nimeiinua mlangoni. Mpishi mmoja akanishukuru, akaichukua, akaiweka chini ya sufuria ya moto. Mjomba akauliza kama bango linasikika juu ya paa. Sijaelewa swali. Hatukuwa juu ya paa.

Jumatano, 6 Machi
Mjomba amesifu vifuniko vyangu. Hakuna kilicholegea, hakuna kilichoziba. Nimefurahi nikavipangusa vyote tena. Shangazi ametuma salamu: aproni yangu iko tayari, ya pinki, na jina limedariziwa kifuani.

Alhamisi, 7 Machi
Mpango mkubwa. Ukivuta mkono wa dharura ukutani, gesi inajikata yenyewe. Sasa ya nini kumwambia mtu? Mjomba alikuwa juu ya paa anakagua feni ya moshi. Mtungi wa dawa nao uko huko huko. Nikavuta. Gesi ikakatika vizuri kabisa.

Kisha pua zote zikamwaga.

Kumbe ile sauti ni ya kumfikia Mjomba pia. Akiisikia ndipo anautenga mtungi, jaribio lifanyike bila dawa kutoka. Povu kwenye mchuzi. Povu kwenye kofia ya mpishi mkuu. Hapo nikapiga kelele, "Tunafunga gesi!" Wote wakaitikia. Mpishi mkuu akasema ahsante binti, tumeona.

Ijumaa, 8 Machi
Tumesugua meko tangu asubuhi. Wapishi wananiita Mama Mvua. Nilishaikunja ovaroli, tayari kuirudisha. Mama akaja kuuliza habari zangu. Mjomba akamwambia kwamba sasa hakuna mwenye shaka kuwa mtambo unafanya kazi, vifuniko vyote vilifunguka, na sauti yangu ilimfikia mpaka juu ya paa. Nimeongezewa wiki moja. Sharti: nipaze sauti kabla, si baada.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari sana, na kosa nimeliona. Nilikosa kifaa. Nimenunua filimbi, ile ya refa.

Jumatatu tunaanza jiko la kituo cha kulelea watoto wachanga. Mjomba anasema wapishi wa pale wananong'ona tu, kwa sababu saa ya ukaguzi watoto wote huwa wamelala. Afadhali. Kukiwa kimya hivyo, filimbi itafika mpaka juu ya paa.