Kunyweni Kahawa, Mmekipata

Munjid alikuwa na povu la sabuni mpaka masikioni pale riziki ilipomjia kwa njia ya televisheni.

Kinyozi wa mji wa Zarqa alikuwa ameiweka juu ya rafu, kati ya chupa za manukato, na asubuhi hiyo ilionyesha Bunge. Mheshimiwa Rifqa, mbunge wa mji huo, mama mnene mwenye miwani isiyokubali kutulia puani, alisimama na mfuko wa plastiki. Akaupindua. Chupa tupu za dawa zikamwagika mezani, moja ikabingirika mpaka miguuni pa waziri.

"Mwenye chupa hizi alipigana vita akiwa kijana," akasema. "Leo akitaka dawa anaondoka kwake alfajiri, anabadilisha mabasi mpaka Amman, anakaa sakafuni kungoja, anarudi na nusu yake. Sheria yangu inataka askari wastaafu watibiwe mjini kwao. Mnaniambia hakuna jengo. Haya, nikileta jengo?"

"Ukija na ufunguo wa jengo mkononi, Mheshimiwa, kamati itapitisha," akajibu mwenyekiti, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuhakikisha kwamba ufunguo hautakuja.

"Chupa zangu hizo!" akapaza sauti mzee wa kiti cha pili. Alikuwa Abu Ratib, sajini mstaafu, mguu mmoja wake na mmoja wa bandia.

"Mzee, umefika Bungeni!" kinyozi akacheka.

"Mimi sijafika. Zimefika chupa."

Kinyozi alimshika kidevu kwa vidole viwili, kama anayeshika yai, akangoja mtetemeko wa mzee upite ndipo apitishe wembe. Alingoja bila kuguna, ingawa duka lilijaa wateja.

Munjid hakuyaona hayo. Katika yote yaliyosemwa alisikia neno moja tu: jengo. Alimjua mtu mwenye jengo tupu.

Isidhaniwe kwamba Munjid alikuwa mwizi. Mwizi hutoka jasho. Munjid alivaa suti, alinukia vizuri, na katika maisha yake yote hakuwahi kuchukua kitu ambacho mwenyewe hakumkabidhi kwa tabasamu. Machozi yalikuja baadaye, wakati yeye yuko mji mwingine, na hayo hakuyahesabu kuwa yake.

Mchana huohuo alikuwa dukani kwa Haji Dirgham, tajiri wa mapazia, mwenye ukumbi wa harusi uliofungwa baada ya maharusi kuchoshwa na bei zake na wali wake wa baridi. Nje ya ukumbi lilisimama basi dogo jeupe, jipya, lililokuwa likibeba wageni. Huko Mafraq kulikuwa na bwana mmoja anayenunua magari bila kuuliza yametoka wapi.

"Mimi ni mkurugenzi wa ofisi ya Mheshimiwa Rifqa," Munjid akasema, akikaa kabla hajakaribishwa. "Serikali itaununua ukumbi wako, Haji. Bei utataja mwenyewe."

Haji akaacha kupima pazia. "Mwenyewe?"

"Kwa mdomo wako. Tatizo ni moja. Watu watauliza, huyu Dirgham ni rafiki wa askari tangu lini?"

"Tangu lini?" Haji akauliza, naye akitaka kujua.

"Tangu Alhamisi. Wazee watakuja kwako kwa jaha, ujumbe kamili, na makoti yenye nishani. Watakuomba basi kwa ajili ya wagonjwa. Utatoa mbele ya watu. Nitalipeleka mimi mwenyewe ofisini kwa Mheshimiwa. Na wiki inayofuata unauza ukumbi."

"Basi langu jipya, bwana!"

"Haji, unamvua samaki gani bila chambo? Halafu..." Munjid akashusha sauti. "Mtu akishakuwa rafiki wa jeshi, watu huanza kumwita Pasha, kama jenerali. Mwanzoni kwa kunong'ona."

Haji Dirgham akalitazama pazia, midomo ikicheza bila sauti. Alikuwa akijiita.

Kwa Abu Ratib kazi ilikuwa nyepesi zaidi. "Kusanya wenzako, mzee. Mtakaa tu, mtakula mansaf, wali wa nyama ya kondoo, mimi ndiye nitakayezungumza."

"Na wewe ni wa ofisi ya Mheshimiwa?"

"Mkono wake wa kulia."

"Mungu akutunze, mwanangu," mzee akasema, na macho yakamlowa. Munjid akaondoka akipiga mluzi.

Alhamisi wazee wakafika kwa Haji Dirgham wamenyoosha mabega, nishani zikigongana kama vijiko. Mke wa Haji hakuweza kuingia sebule ya wanaume, lakini alituma mito ya kuegemea kwa kila mwenye mgongo mbovu, na kwa Abu Ratib kiti kirefu ili mguu wa bandia usimsumbue wakati wa kuinuka. Hakuna aliyemwomba. Alikuwa amechungulia tu nyuma ya pazia la chumba cha wanawake, akaona nani anakaa kwa taabu.

Munjid aliingia pamoja na wageni. Kisha akaona kwamba upande wa mwenyeji mazulia ni mazito zaidi na kamera ya mpiga picha inatazama huko. Akahama. Akajikalisha bega kwa bega na Haji, kama ndugu wa nyumba.

Kahawa ikamiminwa. Wageni wote wakaviweka vikombe chini mbele yao, mikono magotini. Mtu aliyekuja na haja hanywi. Kahawa inapoa na heshima ya nyumba inapoa nayo, mpaka mwenyeji akubali. Na akishakubali, kikombe kikishanywewa, hakuna kurudi nyuma, hata kama aliombwa meno yake ya mbele.

Munjid alikuwa amepanga hotuba tamu. Lakini Haji Dirgham, kwa hamu ya upasha, hakuweza kungoja. Akainua mkono na kunguruma: "Kunyweni kahawa yenu! Mlichokijia mmekipata!"

Sebule ikachangamka. Taa ya kamera ikamulika. Munjid naye akaona picha inampita hivihivi. Akapanua kifua: "Kunyweni, wazee wetu! Kwa Haji na kwangu mimi pia, mmekipata!"

Wazee wakanywa. Wakanywa kwa mkupuo mmoja, kama waliopewa amri, na vikombe vikalia chini, ta-ta-ta-ta. Nyuma ya pazia mke wa Haji akapiga vigelegele, wanawake wenzake wakavidaka, majirani wakavipokea, na mtaa mzima ukajua kwamba nyumba ya Haji Dirgham imetoa neno.

Munjid akakohoa aanze kuomba basi.

"Samahani, mwanangu," akasema Abu Ratib, akiinuka kwenye kiti chake kirefu. "Mkubwa wa jaha ni mimi. Haji, tumekuja kukuomba ukumbi wako uwe zahanati ya askari wastaafu na wajane wao. Bila kuuza, bila kodi. Na basi la kuwachukua wasioweza kutembea."

Haji Dirgham akageuka taratibu. "Munjid," akanong'ona, "ukumbi haukuwemo!"

"Wamekosea mistari."

"Waambie warudishe kahawa!"

"Haji, imeshafika tumboni."

Pazia likasogea. Akatoka mama mnene, miwani ikimteleza puani. Sebule yote ikasimama, isipokuwa Munjid.

"Haji Dirgham," akasema Mheshimiwa Rifqa, "nimepiga hodi kila nyumba kubwa ya mji huu. Kwako sikuja. Waliniambia una mkono mzito. Nimekukosea mbele ya watu, na mbele ya watu naomba unisamehe."

Haji alikuwa amefungua kinywa kulalamika. Mbele yake Abu Ratib akakaza mguu wa bandia, akapiga saluti. "Pasha!"

"Pasha!" wakaitika wazee wote, wala hawakunong'ona.

Haji akatazama nyuso zile, akatazama pazia ambako mke wake alikuwa akilia kwa furaha, akatia mkono mfukoni. Ufunguo wa ukumbi ulitoka kwa shida, kama jino, lakini ulitoka. Kilichowashangaza watu ni kwamba baada ya hapo alicheka, akaagiza kondoo wa pili.

"Sasa wewe, mkurugenzi wangu," Mheshimiwa akamgeukia Munjid. "Hujambo? Mbona ofisini hukai?"

"Mheshimiwa... nilikuwa nje nje."

"Mzee Abu Ratib alinipigia simu kunishukuru kwa kumwazima mtu mwema kama wewe. Nikamwambia simjui. Akasema, basi tusimwaibishe kijana, tumngoje."

Munjid akatazama mlango. Ulikuwa umejaa nishani.

"Amesema 'kwangu mimi pia'," akasema Abu Ratib kwa upole. "Tumesikia sote, na tumekunywa. Basi halina dereva."

"Polisi nao wangependa kukufahamu," Mheshimiwa akaongeza, akipandisha miwani. "Lakini wazee ndio waliotangulia kuomba. Unasemaje?"

Munjid aliyewahi kuuza visima vilivyokauka akazihesabu nishani za mlangoni. "Leseni ninayo," akasema.

Jumapili, wiki ya kazi ilipoanza, ufunguo ulilazwa mezani kwa kamati, na mwenyekiti akaugeuza huku na huku kama anayetafuta kasoro. Haukuwa nayo. Sheria ikapita.

Siku zahanati ilipofunguliwa, Munjid alipewa basi, tangi limejaa, na barabara mbele yake nyeupe kwa jua. Mpango wake ulikuwa mfupi: achukue abiria wa kwanza kwa ajili ya macho ya watu, awashushe mahali wasidhurike, kisha Mafraq. Lakini wazee walipanda polepole, na kila mmoja alimshika bega kabla ya kukaa. Mjane mmoja akamtilia mapajani mkate wenye majani ya zaatari na ufuta, uliotoka motoni. "Hujala wewe, uso wako unasema." Ilikuwa kweli. Mwingine alianza wimbo wa kambini, wakaudaka wote, wakapotea katikati, wakacheka, wakaanza upya.

Wakafika njia panda. Kulia ni Mafraq. Munjid akapunguza mwendo, mkate mdomoni.

"Kushoto, dereva," akasema Abu Ratib.

"Najua, mzee."

"Najua unajua. Ndiyo maana nimekaa mbele."

Munjid akakata kushoto.