Mtihani wa Kutazamana

Jumanne, tarehe 15 Agosti. Baridi ilikuwa ya kuuma vidole, anga safi, na upepo wa kusini ulikuwa unasukuma vumbi jekundu chini ya milango yote ya kijiji cha Maili Kumi na Saba. Katika asubuhi hiyo ya kihistoria, Bwana Graham Thistlewood, Mratibu Mkuu wa Utayari, aliketi mbele ya kipaza sauti cha redio ya kijiji na kulitangazia jangwa kwamba Serikali imekuja.

"Ndugu wadau," alisema, "leo tunahitimisha awamu ya kwanza ya Mpango wa Kuwaandaa Wanafunzi Wazawa kwa Masomo ya Habari Chuo Kikuu. Utafiti umethibitisha kwamba kikwazo kikubwa ni macho. Mwanahabari asiyemtazama mtu machoni hajawa tayari. Pia leo, kabla ya chai, nitapokea jina la ukoo hapa kijijini. Nami naahidi kufuata masharti yote ya jina hilo, bila kubagua hata moja!"

Alijisikia vizuri sana. Picha ya kupokea jina ingekaa kwenye jalada la ripoti yake.

Mtahiniwa alikuwa mmoja, Desmond Jungarrayi, mtangazaji wa matokeo ya mpira, mtu mzima mwenye mvi za kwanza. Kila jioni, baada ya kufunga redio, alikuwa anasoma masomo yake jikoni, na kabla ya kufungua kitabu alikuwa anasali. Chuo kilikuwa kimempa nafasi. Kilichobaki ni Bwana Thistlewood kukiambia, siku hiyohiyo, kwamba Desmond yu tayari.

Mtihani ulikuwa mwepesi: kumhoji kiongozi wa jamii, ana kwa ana, macho kwa macho. Ofisi ya mpango iliyoko jijini Adelaide ilikuwa imemteua Mama Valda Napangardi, mwenyekiti wa redio. Uteuzi ulikuwa wa haki kabisa, kwa kuwa ulifanywa na kompyuta.

Desmond alipomwona Mama Valda mlangoni, alizungusha kiti, akautazama ukuta. Mama Valda naye alijitanda mtandio usoni, akageuka, akaondoka kwa kasi ambayo magoti yake hayakuwa yameitumia tangu ujana.

"Desmond!" Bwana Thistlewood alishangaa. "Unahoji ukuta?"

"Yule ni mama mkwe wangu, bosi. Simtazami wala sisemi naye. Ni heshima. Nipe mtu mwingine. Nipe hata polisi."

"Mfumo hauna mtu mwingine."

"Basi nipe mbwa."

Bwana Thistlewood aliandika sifuri kwa masikitiko ya kitaalamu. Desmond aliinamisha kichwa, midomo ikawa inacheza taratibu, na Bwana Thistlewood akaliandika hilo pia: *anaongea peke yake*.

Mitambo ilikuwa mikononi mwa Noreen Nangala, mke wa Desmond na binti wa Mama Valda. Alimtazama mumewe, kisha akamtazama mgeni.

"Bwana Mratibu," alisema kwa upole wa kutisha, "jina lako hujapewa bado."

Uani, kina mama walikuwa wamezunguka moto, mkia wa kangaruu ukiiva majivuni. Noreen alimnong'oneza mama yake. Mama Valda aliwanong'oneza dada zake. Dada zake walicheka mpaka mmoja akamwaga chai.

"Jungarrayi," Mama Valda alitangaza. "Huyu ni Jungarrayi."

Bwana Thistlewood aliweka mkono kifuani. Alipogeuka ili wapigwe picha pamoja, Mama Valda alikuwa ameshajitanda mtandio na kumpa mgongo. Kina mama walipiga kelele kama waliomwona nyoka.

"Ondoka hapo! Huna aibu?"

"Nimefanya nini?"

"Wewe Jungarrayi sasa," Noreen alimweleza. "Wenye jina moja ni ndugu: Desmond ni kaka yako, mimi shemeji yako. Na yule ni mama mkwe wako. Huruhusiwi kumtazama wala kusema naye. Shemeji, geuka basi!"

Bwana Thistlewood aligeuka. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mchana huo Mama Valda alitakiwa kuwaeleza wakubwa wa wizara, hewani, kama mpango uendelee, na kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyepangwa kumhoji. Ratiba ilikuwa imepitishwa. Ahadi yake nayo ilikuwa imeshasikika mpaka kwenye migodi ya jangwani.

Mchana ulipofika, studio ilionekana hivi: Mama Valda nje ya dirisha, mgongo ukielekea ndani; Bwana Thistlewood ndani, uso ukutani, mahali palepale alipokaa Desmond asubuhi; Noreen katikati kama mkalimani wa mataifa mawili yenye vita.

"Mwambie mama mkwe..." Bwana Thistlewood alianza.

"Mama anauliza mbona unahoji ukuta," alisema Noreen.

Nje, kina mama walipiga makofi.

Desmond, aliyekuwa ameketi pembeni, alivuta kipaza sauti. "Ngoja. Huyu ni kaka yangu, kaka naruhusiwa. Geuka, kaka. Nitazame."

Walitazamana. Desmond hakupepesa.

"Bwana Jungarrayi Thistlewood, una mama mkwe Adelaide?"

"Ninaye. Bi Beryl. Tunaishi naye."

"Unamtazama machoni?"

Bwana Thistlewood alivitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri.

"Kaka. Macho."

"Ninakula gerejini," alisema Bwana Thistlewood kwa sauti ndogo. "Tangu Krismasi ya mwaka juzi. Tukitaka kuambizana kitu, tunamtuma mke wangu."

"Nyinyi nanyi mna adabu kumbe!" alisema Noreen.

"Kwa hiyo, kwa kipimo chako," Desmond aliuliza, bado anamtazama, "kaka uko tayari?"

Simu ya wizara iliwaka taa. Mkubwa mmoja, ambaye alikuwa anasikiliza muda wote, alitaka kujua ni nani huyo anayehoji, na kwa nini bado yuko kijijini.

"Mama anasema," Noreen alitafsiri, "mpango uendelee, ila mtu wa gereji aahidi kitu kwanza. Hewani, kama asubuhi."

Bwana Thistlewood alisimama. Mbele yake palikuwa na kaka yake na shemeji yake. Dirishani kina mama walikuwa wameacha kutafuna, na mgongo wa Mama Valda ulikuwa unasikiliza.

"Naahidi, mbele yenu nyote," alisema, "kwamba Desmond yu tayari, na chuo kitaambiwa hivyo kabla sijanyanyua mguu hapa. Na hakuna mtu atakayefanya tena Mtihani wa Kutazamana mpaka nitakapoufanya mimi mwenyewe, hewani, na Bi Beryl."