Mama wa Njano na Mama wa Buluu

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye amepata udhuru. Mheshimiwa Dereva wa Mgeni Rasmi, uliyefika kwa niaba yake na kuketi kwenye kiti chake kwa utulivu unaostahili. Waheshimiwa wakuu wa vitengo, makaimu wakuu wa vitengo, na nyinyi mnaowashikia nafasi makaimu walioko semina. Mke wangu mpenzi, mama watoto, uliyeahidi kukaa mpaka mwisho. Shemeji yangu, mdau wetu namba moja wa vifaa. Jirani yetu mwenye studio ya picha, uliyesimama mlangoni ingawa viti vipo. Na zaidi ya wote nyinyi wananchi wa foleni, mliofika alfajiri kuchukua vitambulisho vyenu na ambao, kwa uamuzi wangu binafsi, mmepandishwa hadhi kutoka wateja kuwa wageni waalikwa: habari za asubuhi.

(Foleni: "Ni mchana.")

Habari za mchana. Itifaki imezingatiwa, na pale ambapo haikuzingatiwa, mhusika ajizingatie mwenyewe.

(Dereva anainuka nusu, anapunga mkono, anakaa. Makofi.)

Nasimama mbele yenu kama Mkurugenzi wa Usajili na Utambuzi wa Sura, na mtu ambaye kwa hulka yangu sipendi kujisifu, ndiyo maana leo nimeandika sifa zangu kwenye karatasi ili nisizipende bali nizisome tu, kuzindua rasmi Mradi Shirikishi, Jumuishi na Endelevu wa Kusawazisha Joto la Rangi katika Kompyuta za Mezani zenye Skrini Zaidi ya Moja, ambao kwa kifupi, ili usimchoshe mwananchi wa kawaida, tunauita MSJEKJRKMSZM. Mtumishi ambaye hatakuwa ameuhifadhi kichwani ifikapo Ijumaa atanieleza kwa nini.

Wapo watakaouliza joto la rangi ni nini. Si joto la kuwekea kiganja. Ni ile hali ya skrini moja kuichukua karatasi nyeupe na kuionyesha ya njano, na skrini ya jirani yake kuichukua karatasi hiyohiyo na kuionyesha ya buluu, ilhali zote mbili zimechomekwa kwenye kompyuta moja na zinakula umeme mmoja. Ni kama watoto wa nyumba moja, baba mmoja, mama mmoja, lakini kila mmoja katoka na rangi yake, na mwenye nyumba hana pa kuuliza.

(Mke wa Mkurugenzi anakohoa. Mkurugenzi anakunywa maji.)

Mfano huo naufuta. Twende kwenye utekelezaji, au kwa lugha ya kitaalamu, implimentesheni. Pale dirisha la picha, kama mnavyoliona likiwa limefungwa kwa heshima ya sherehe hii, karani wetu ana skrini mbili. Ya kushoto inamwonyesha mwananchi kwa picha yake ya zamani. Ya kulia inamwonyesha kwa picha mpya aliyopigwa siku hiyo. Karani analinganisha, na akiridhika kwamba ni mtu mmoja, kadi inatolewa. Sasa skrini ya kushoto ndiyo ya njano, mtu anatokea kama aliyemwagikiwa mchuzi, na ya kulia ndiyo ya buluu, mtu anatokea kama katolewa kwenye friji. Karani anatazama kushoto, anatazama kulia, anakumbuka kiapo chake cha utumishi, kisha anatoa uamuzi: hawa ni watu wawili.

(Foleni inaguna.)

Msigune, ndugu zangu, kwa sababu mnagunia mafanikio. Tangu skrini ya pili ifungwe, dirisha hili limesajili wananchi mara mbili ya lilivyokuwa likisajili, ilhali foleni ni ileile, nyuso ni zilezile, na ukuta wanaoegemea umechakaa pahali palepale. Kila aliyeingia mmoja alitoka wawili, wa njano na wa buluu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya usajili, idadi ya wakazi tuliowatambua imeipita idadi ya wakazi. Nilipoiwasilisha takwimu hiyo kwenye kikao cha juu, watu wazima walisimama. Mgala muue, na haki yake umpe.

(Makofi kutoka upande wa wakuu wa vitengo. Katika safu ya mbele ya foleni, mama mmoja mwenye kilemba cha njano ananyoosha mkono.)

Mkono nimeuona, mama, ushuke. Huyu, waheshimiwa, ni fundi cherehani wetu wa hapa mtaani, na nimefurahi yupo, maana ni mfano hai, kwa kitaalamu kesi stadi. Mama huyu alikuja kufuata kitambulisho. Kushoto akaonekana mama wa njano, kulia akaonekana mama wa buluu. Je, tulimfukuza? Hatukumfukuza. Tulimwomba kwa heshima zote aende nyumbani amlete mwenzake, ili wote wawili wasaini, kadi itolewe. Amerudi mara kadhaa, na kila mara amekuja peke yake. Mama, hebu waambie wageni, kwa nini hutaki kumleta mwenzako?

(Fundi cherehani: "Baba Mkurugenzi, mwenzangu ni mimi. Binti yangu yuko hospitali ng'ambo ya mpaka, anajifungua leo, uzazi wa kwanza, hana mtu. Bila kitambulisho mpakani sivuki. Basi langu ni hilo linalounguruma hapo nje, na kadi yangu naiona hapo mbele yako.")

Ni kweli, anaiona. Kadi zenu zote zilizokamilika ziko hapa mezani, zimefungwa kwa mpira, na kwa sababu feni hii mpya ina nguvu, nimeziweka juu ya hotuba yangu zisaidie kushikilia karatasi. Serikali haipotezi kitu. Lakini mama, utaratibu ni utaratibu. Binti atajifungua kwa utaratibu wa hospitali, na wewe utapata kadi kwa utaratibu wa ofisi. Haraka haraka haina baraka.

(Fundi cherehani: "Uchungu haungoji hotuba, baba." Foleni: "Mpe mama kadi yake." Fundi cherehani anasimama, anatoka nje.)

Anatoka. Huenda amekubali kumfuata mwenzake. Huo ndio uraia mwema.

Naomba sasa niwaeleze jitihada, kwa sababu vyaelea vimeundwa. Msidhani tulikaa tu. Mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tatizo hatukulificha: tulilizungumza kwenye semina, tukala chakula cha mchana, tukalizungumza tena. Kamati ya kwanza ilishauri tubadilishe waya, wa kushoto uende kulia. Tukabadilisha. Skrini zikabaki na rangi zake, ila picha zikahama: waliokuwa wa njano wakawa wa buluu, na wa buluu wakawa wa njano, na kitengo cha maadili kikafungua jalada la kuchunguza nani kamhonga nani. Tukaurudisha waya. Kamati ya pili ikasema tatizo ni dirisha, jua linaingia upande mmoja. Tukaweka pazia zito. Ikawa giza, karani akawa hawaoni wananchi kabisa, wa rangi yoyote, na siku hiyo malalamiko yalipungua sana, lakini tuliona si njia endelevu.

(Sauti kutoka nyuma: "Si mzime muwashe?")

Kuzima na kuwasha kumetengewa awamu ya tatu, ndugu yangu, usiruke hatua. Kamati ya tatu, niliyoiongoza mimi mwenyewe, iligundua kwamba nyuma ya skrini kuna kitufe. Ukikibonyeza inatokea orodha: mwanga, rangi, ya moto, ya baridi. Nilikibonyeza kwa kidole hiki. Mtu mzima hatishiwi nyau. Nikabonyeza tena ili nihakikishe, nikabonyeza na cha pembeni ili kisijisikie vibaya, na skrini ikabadili lugha. Mpaka leo orodha ile imeandikwa kwa maandishi ambayo hakuna mtumishi wa ofisi hii anayeyasoma, yana vijumba na vijiti, na tumeomba mkalimani. Mtumishi mwingine akadokeza kwamba ndani ya kompyuta kuna sehemu ya kupumzisha macho, ambayo mtu akiisahau imewashwa huigeuza skrini moja njano na kuiacha nyingine. Nilimjibu kama ninavyowajibu nyinyi: macho ya mtumishi wa umma hayapumzishwi saa za kazi, kwa hiyo sehemu hiyo haiwezi kuwa imewashwa, na hatukuigusa.

(Mlango wa nyuma unafunguliwa. Anaingia mama mwenye kilemba cha buluu, mishono yake inaonekana kwa nje. Foleni inaanza kucheka, inajizuia.)

Waheshimiwa, angalieni wenyewe. Angalieni matunda ya subira. Karibu, mama. Wewe ndiye mwenzake?

(Mama wa buluu: "Ndiye mimi, baba. Mwenzangu kanituma nimchukulie kadi.")

Makofi kwake. Mheshimiwa Dereva, hii naomba umfikishie Mgeni Rasmi neno kwa neno: tulisema wako wawili, tukabezwa, tukaambiwa ni skrini, tukaambiwa ni ujinga. Huyu hapa. Amefanana naye, sikatai, watu hufanana, lakini jicho la utambuzi halidanganyiki. Yule alikuwa na haraka, huyu ana adabu. Sasa mama, yuko wapi yule wa njano? Utaratibu unataka mkae wote wawili pamoja, kwa wakati mmoja.

(Mama wa buluu: "Hatupendi kukaa pamoja, baba. Tukikaa pamoja watu wanatuchanganya.")

Busara hiyo. Basi njoo mbele, mama, panda hapa meza kuu, simama kando yangu karibu na kadi, ili wageni wakuone vizuri na mpiga picha afanye kazi yake. Yule mwenzako akitokeza tu mlangoni, wote mtasaini na kadi utapewa. Mimi si mtu wa kuweka kinyongo.

(Mama wa buluu anapanda meza kuu. Nje, basi linapiga honi. Mama anaangalia kadi, anaangalia mlango, anafuta jasho kwa ncha ya kilemba.)

Nielekee mwisho, ingawa mwisho wangu una sehemu. Mradi huu, ndugu wananchi, utaleta skrini mpya zilizopimwa rangi kiwandani, zinazofanana kama pacha, na utaleta mtaalamu wa kalibresheni, yaani wa kulinganisha rangi, na gari la mtaalamu, na mtaalamu wa gari. Ifikapo mwisho wa awamu ya kwanza, asilimia tisini na tisa ya skrini za dirisha la picha zitakuwa na rangi moja. Msiniulize asilimia tisini na tisa ya skrini mbili ni ngapi, tathmini itatueleza. Na wale mtakaopungua, maana rangi zikilingana kila wawili wenu watarudi kuwa mmoja, naomba mpungue kwa amani na mtuachie takwimu zetu za mwaka jana.

Sasa tusimame. Kaulimbiu ya mradi ni fupi. Nikisema "rangi moja", mtaitikia "sura moja", na wote tutainua mikono juu, mikono yote miwili, mimi nikiwaongoza. Rangi moja!

(Foleni: "Sura moja!")

Siwasikii. Mikono juu zaidi. Rangi moja!

(Foleni: "Sura moja!" Mkurugenzi amefumba macho, mikono iko juu. Mama wa buluu anachukua fungu la kadi mezani, anang'oa mpira, anatoa yake, nyingine anampa wa kwanza kwenye foleni, naye anampa wa nyuma yake. Karatasi za hotuba zinapaa na feni. Mama amekwisha kufika mlangoni, anavua kilemba, anakigeuza kinakuwa cha njano, anawapungia mkono.)

Naam, namwona mama wa njano. Si niliwaambia atakuja? Njoo, mama, njoo pamoja na... Mwenzako alikuwa hapa. Alikuwa hapa sasa hivi. Na hizi karatasi, jamani, nani kaachia hizi karatasi?

(Mlango unafungwa. Nje basi linaondoka. Foleni inasomeana majina: "Hii ya shangazi yako." "Hii yangu, asante." Watu wanaanza kutoka.)

Ndugu zangu, msitoke, kuna shukrani. Nimebaki bila karatasi, nitazisema kutoka kichwani, zitakuwa fupi. Namshukuru Mheshimiwa Dereva. Namshukuru shemeji, aliyetuletea feni wakati tulimwagiza skrini, tukaona si vibaya, joto ni joto. Namshukuru jirani yetu wa studio, kwa sababu ile skrini ya kulia ni yake, alituazima kwa siku chache tu, na nadhani amesimama mlangoni tangu asubuhi kwa ajili hiyo.

(Mwenye studio: "Ndiyo, Mkuu." Anakwenda dirisha la picha, anachomoa waya, anakumbatia skrini yake, anatoka.)

Ahsante, jirani. Kwa hiyo imebaki moja, na ikiwa moja basi rangi ni moja, na hilo ni ongezeko ambalo hata sisi hatukulitarajia. Foleni nayo naona imekwisha. Mama watoto, na wewe unakwenda? Haya. Bila karatasi mtu unabaki na ukweli tu, ndugu waliobaki, na ukweli ni kwamba skrini mpya hazipo, mtaalamu hayupo, kamati ya tatu nilikuwa mimi na kile kitufe. Nawashukuru sana kwa kunisikiliza. Na Mheshimiwa Dereva, kabla hujatoka, tazama hapo chini ya kiti chako kama kuna ukurasa wa tisa, unipe, maana huo ndio mradi.