Jino la Flaviana Halikufika Paani

Jumapili, 12 Oktoba

Aibu. Naandika kwa mkono mzito.

Leo saa tatu asubuhi tulimpigia Mama simu Tukuyu. Kule ilikuwa saa kumi jioni. Macho yake sasa yamekwisha. Presha ya macho imelimaliza hata lile la kulia. Video haimsaidii tena. Akaomba mjukuu aongee, angalau amjue kwa sauti. Mjukuu ni binti yangu Flaviana, miaka sita na nusu, amebeba jina la Mama mwenyewe. Nikampa simu. Akasema, "Hi, Bibi." Kisha kimya. Bibi akauliza umeshindaje, umekula nini, shuleni kukoje. Mtoto anatazama zulia. Anaelewa kila neno, namjua! Dakika nne nzima. Mwishoni akasema bye.

Mama hakulalamika. Aliniuliza tu kama mtoto ana afya. Roho iliniuma mchana kutwa.

Nimeazimia. Kabla mti ulio mbele ya jengo letu hapa Hyattsville, Marekani, haujapukutisha majani yake yote, Flaviana ataongea Kiswahili na bibi yake. Mke wangu Jelagat, mtu wa Eldoret, anasema, "Baba Flavi, usimforce." Jelagat anahudumia wazee Laurel, amezoea kubembeleza. Mimi naendesha foklifti kwenye ghala Beltsville. Kwetu mzigo haubembelezwi.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mkakati wa kwanza: shamba la maboga. Ndani ya gari nilitangaza kwamba Kiingereza kimefungwa mpaka tutakaporudi. Atakayetaka boga ataliomba kwa Kiswahili. Asiyeomba hapati.

Kwa saa nne nzima mtoto hakutoa neno. Alipanda tela la nyasi kavu, kimya. Akaingia kwenye shamba la mahindi walilolikata njia za kupotezea watu, akapotea, akapatikana, kimya. Boga alilichagua kwa kidole. Jelagat akamnunulia papo hapo. Nani alinituma nioe mwanamke mwenye huruma!

Aliyevunja sheria ni mimi. Nilijikwaa kwenye shina la boga nikaanguka, mdogo wake Flaviana, Kibet, miezi kumi, yuko mgongoni kwangu. Yowe nililopiga lilikuwa la Kiingereza. Kibet hakuumia, alicheka. Flaviana alinitazama bila kucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi ya goti.

Nikajipa moyo kwa kumwomba mwenye shamba majani ya maboga, tukapike. Akanionesha: yote yamekaushwa na baridi. Akaniuliza mara mbili kama kweli nilikuwa nataka kuyala. Tumerudi na boga moja na goti lililovimba.

Jumatatu, 20 Oktoba

Mkakati wa pili. Shule imewaagiza watoto waokote majani ya rangi, wayabandike kwenye karatasi. Nikaona mwanya. Niliokota majani sabini, mekundu na ya manjano, nikayaandika kwa kalamu nene: mlango, kochi, dirisha, jokofu. Flaviana akashika gundi. Tulikaa sakafuni saa nzima, vidole vimegandana, anachagua mekundu tu kwa ajili ya jikoni. Sikumbuki lini tulikaa hivyo mara ya mwisho. Ilikuwa saa nzuri.

Nikaiharibu. Nilimtaka asome. Akanijibu kwa Kiingereza kwamba hii ni sanaa, si kusoma. Nikasisitiza. Akaondoka. Nilipogeuka, Kibet alikuwa amelila jani la jokofu, kikonyo kinaning'inia mdomoni. Tulimpigia daktari. Akasema jani halina neno, tumwangalie tu kwa ajili ya wino. Jelagat amebandua majani yote yaliyobaki na hasemi nami.

Jumatano, 22 Oktoba

Pigo! Sikulitegemea.

Ghorofa ya chini anaishi Mzee Hodari, Mmarekani mweusi, mstaafu wa posta. Alijifunza Kiswahili kwenye madarasa ya jioni alipokuwa kijana na hajakiacha. Kiswahili chake kimepigwa pasi. Ndiye anayempokea Flaviana kwenye basi la shule na kukaa naye mpaka nirudi kutoka kazini. Leo niliwahi. Nikafika mlangoni kwake, mkono nimeshauinua nigonge, nikasikia sauti ya mtoto wangu. Kwa Kiswahili.

Alikuwa anasimulia nilivyoanguka shambani. Kwa kirefu, bila haraka, akitafuta neno, akilipata. Mzee Hodari akauliza polepole, "Kisha baba akafanya nini?" Naye akasema, "Akalia kama mbuzi." Wakacheka wote wawili.

 Furaha na wivu kwa pamoja, sikujua nishike lipi. Nikagonga. Kukawa kimya. Mlango ukafunguliwa, akasema, "Hi, Daddy."

Kwa hiyo Kiswahili anacho. Ananinyima mimi! Nilimweleza Jelagat nikitegemea ashtuke. Hakushtuka. Alijua tangu Septemba, akadhani najua. Sikula chakula cha jioni.

Ijumaa, 24 Oktoba

Jino limetoka! La mbele, la chini, la kwanza. Lilinasa kwenye tufaha. Damu kidogo, kelele nyingi. Jelagat alimpiga picha kumi kabla ya kwenda zamu.

Mkakati wa tatu ndio wenyewe. Kwetu jino la kwanza hurushwa juu ya paa, na mwenye jino anamwambia panya achukue bovu alete jipya. Panya wa kwetu hajui Kiingereza. Lazima aambiwe kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Nilimweleza Flaviana, na macho yake yaling'aa, nasema kweli. Akauliza ni paa lipi. Nikamtoa nje nikamwonesha: ghorofa tatu. Akakubali kurusha. Maneno, akasema, atayasema moyoni.

Nilikataa. Ya moyoni panya hayasikii, wala bibi.  Kisha akasema basi atamwachia yule malaika wa meno wa wenzake shuleni, anayechukua jino na kuacha hela, chini ya mto, kesho usiku mama akiwepo. Malaika yule anakuja hata kwa mtu aliyenyamaza. Jino limetiwa kwenye kiberiti kitupu na kuwekwa juu ya kabati la vyombo.

Nimeshindwa na malaika. Nimekaa nafikiri.

Jumamosi, 25 Oktoba

Naandika nikiwa nimetulia kadiri ninavyoweza.

Asubuhi Jelagat aliwachukua watoto kutafuta nguo za Halloween, ile sikukuu ya watoto kujigeuza maboga na mizimu. Mimi nikabaki na wazo. Nikilirusha jino mimi mwenyewe na kusema maneno kwa niaba yake, panya atakuwa ameshapokea. Nitamwambia Flaviana kwamba panya anamsubiri mwenye jino aseme kabla hajaleta jipya. Hapo hana ujanja, atasema! Sikuona kasoro yoyote. Hata sasa naona hesabu ilikuwa sawa, ila upepo.

Nilifanya mazoezi kwanza, kama mtu makini. Nilitumia mahindi makavu ya makande, kutoka maegesho ya magari. Punje ya kumi na tisa ilifika paani. Msimamizi wa jengo akatoka akauliza nani anarushia madirisha mahindi. Nikamwambia ni ndege. Akarudi ndani akiangalia juu.

Kisha jino. Nilisema maneno kwa sauti, yote, nikarusha. Upepo ukalikamata. Likagonga ukuta wa ghorofa ya pili, likaanguka kwenye majani makavu chini ya mti. Nilikuwa sijapiga hata magoti walipotokea watu wawili wenye mashine za kupuliza majani. Niliwapungia mikono. Walikuwa na vizuia sauti masikioni, wakanipungia na wao. Ndani ya dakika tatu majani ya mbele ya jengo yalikuwa yamelundikwa nyuma ya jengo, yamechanganyika na ya majirani.

Nimetafuta kwa magoti saa mbili. Nimepata vifungo viwili vya shati na hereni.

Kwenye kiberiti nimeweka punje ya makande. Nilichagua nyeupe, ndogo, yenye umbo zuri.

Jumapili, 26 Oktoba

Malaika hakuwahi kuja. Jana Flaviana alisinzia kwenye gari akapelekwa moja kwa moja kitandani, kiberiti kikabaki juu ya kabati. Leo kabla ya kanisa alifungua kiberiti.

Aliangalia muda mrefu. Akauliza kwa Kiingereza kwa nini kuna hindi. Nikamwambia pengine jino likikaa nje ya mdomo hubadilika. Mungu anisamehe, nilisema hivyo, nikiwa nimevaa suti. Hakupiga kelele. Machozi yalishuka tu, akafunga kiberiti vizuri, akanirudishia.

Jelagat alisema jina langu lote, la ubatizo na la ukoo. Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile.

Mama nilimpigia peke yangu. Nikasema mtoto ana mafua.

Jumanne, 28 Oktoba

Mzee Hodari ameniita kwake. Chai ya tangawizi, vikombe na visahani vyake. Akasema, "Ndugu Lusekelo, nitasema jambo moja, nakuomba usinichukie." Nikasema sema, mzee.

Flaviana amemweleza. Alipokuwa na miaka minne alikuwa akisema nami Kiswahili. Na kila aliposema, niliita watu. Nilimsimamisha juu ya meza. Nyumbani kwa rafiki yangu Leonard, ambaye mwanawe humwamkia shikamoo hata mbwa, nilimpa Flaviana kipaza sauti ili Leonard naye aone. Watu walicheka kwa kufurahi, wakatoa simu, wakarekodi. Yeye aliona watu wazima arobaini wanamcheka. Tangu siku hiyo akafunga.

"Huku kwangu," Mzee Hodari alisema, "anaongea na mimi tu. Hapiti mtu mwingine."

Nilimwambia sikumbuki. Nakumbuka vizuri sana. Nilikuwa na fahari kiasi kwamba sikumtazama usoni hata mara moja.

Nilipanda ngazi nikampigia mtoto magoti, goti bovu na zima. Nikamwambia ukweli: jino nililirusha mimi, limepotea, hindi lilikuwa uongo wangu, nisamehe mama. Namwita mama kwa sababu ya jina. Akauliza kama nilisema maneno ya panya. Nikasema ndiyo. Kwa sauti? Kwa sauti.  Akasema okay, akaniwekea mkono kichwani kidogo, akaenda kumvisha Kibet nguo yake ya boga.

Jumapili, 2 Novemba

Siku kubwa kuliko zote mwaka huu. Nitaiandika polepole.

Saa zimerudishwa nyuma nami nikasahau kuhesabu. Nilipopiga saa tatu, kule ilikuwa saa kumi na moja, na Mama alikuwa ameishikilia simu saa nzima. Kabla sijasema lolote Flaviana alinichukulia simu mkononi. Akaingia nayo chumbani. Akaniambia nisije. Akafunga mlango.

Nilikaa sakafuni koridoni. Nikasikia, "Shikamoo, Bibi." Kisha, "Jino langu limetoka. Baba alilirusha, likapotea, lakini ameomba msamaha." Kisha boga, shule, Kibet kula jani, Mzee Hodari. Dakika kumi na moja! Mama alicheka kwenye spika kicheko ambacho sijakisikia tangu tumzike Baba. Alimwambia, "Sasa nakuona, mwanangu."

Nililia. Sioni haya kuliandika. Jelagat alikaa kando yangu akaniwekea kichwa begani akasema, "Umeona? Muache tu hivyo." Nikamwambia nimeona. Nikaapa mbele yake kwamba hili litabaki kati ya mtoto na bibi yake, na kwamba sitamwita mtu yeyote, kamwe.

Jioni, nikiosha vyombo, nikampigia Leonard. Kumjulisha tu, kirafiki. Hakuamini. Alicheka! Akasema labda mtoto alikuwa anasomewa na mama yake pembeni. Jambo kama hilo haliwezi kuachwa lipite.

Jumamosi ijayo jumuiya yetu inakula pamoja Laurel, sherehe ya mavuno, watu themanini. Nimeongea na mpanga ratiba. Flaviana amewekwa wa kwanza, kabla ya mwana wa Leonard. Mama ataunganishwa kwa simu ili asikie makofi. Kipaza sauti nimeomba kile kikubwa, na nimewasihi watu waje na simu zenye chaji.

Mwenyewe bado sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.