Kamati ya Kuzuia Huzuni Isiyo na Kibali

Ninayo furaha, iliyopitishwa na kikao halali, kuutangazia umma wa kata yetu, hapa upande wa Ushirombo, kwamba kuanzia Machi 1978 hakuna mgonjwa wa kifafa atakayekuwa na huzuni bila kibali.

Chanzo ni waraka kutoka juu. Ulisema vidonge vya kifafa, pamoja na kazi yake nzuri, vinaweza kumtia mgonjwa huzuni nzito hata akafikiria kujiua. Kwa hiyo wagonjwa waulizwe hali zao, na mwenye shida apelekwe kwa daktari. Waraka mzuri, ila haukuzingatia ngazi. Raia wa kawaida hawezi kukurupuka tu akaeleza moyo wake wakati balozi wa nyumba kumi yupo. Mimi, Katibu wa Kamati, nikaelekeza kwamba aulizwe balozi.

Balozi Mabula aliifanya kazi hiyo kwa bidii. Kila wiki alikwenda kwa shemeji yake Mama Kamili, mkulima wa pamba mwenye kifafa, akala, akajaza fomu: "Huzuni haijaonekana. Mlenda ulikuwepo."

Siku ya kikao, Mama Kamili akaingia mwenyewe, pamoja na Nesi Apolonia wa zahanati.

"Shikamoo, Katibu."

"Marahaba. Umepitia kwa balozi?"

"Balozi si huyo hapo anasinzia? Baba, tangu nianze vidonge siangukii moto tena, nashukuru. Lakini moyo umekuwa mzito. Wiki hii nimewaza kufa. Nikaogopa, nikamwambia nesi."

"Fomu inasema huna huzuni," nilimfahamisha.

"Fomu haijaniuliza."

Nesi akadakia: "Na asiache vidonge ghafla, kifafa kitamrudia vibaya. Daktari wa Kahama ndiye wa kumbadilishia dawa. Gari linaondoka saa nane. Kwenye barua yake ya rufaa nataka muhuri wako tu."

Muhuri tu! Mwenyekiti wetu, Ndugu Herman, alieleza kwa utulivu kwamba kwanza ijulikane kama huzuni hiyo ni ya mtu binafsi au ya kijiji kizima. Mjumbe mmoja akashauri mgonjwa acheke mbele ya kikao, tuone. Ilipofika saa saba na nusu tulikuwa bado tunathibitisha kumbukumbu za kikao kilichopita.

Mama Kamili akamgeukia Mabula. "Shemeji, na wewe hali yako ikoje?"

Swali la kawaida kabisa. Mabula akafungua mdomo aseme safi, akaangua kilio. "Yaya, hapana, shemeji, si nzuri! Nyumba kumi zote nazijazia fomu, mke wangu haongei nami tangu kiangazi, na fomu yangu haipo!"

Ndugu Herman akagonga meza kumnyamazisha, halafu akauliza kwa sauti ndogo kama na yeye anaweza kuulizwa. Akaulizwa. Ilibidi ashikwe na wajumbe wawili. Mjumbe wa ulinzi na usalama alilia mpaka ajenda ikalowa. Ikapangwa foleni, nami, kwa cheo changu, nikapenya hadi mbele.

"Na mimi, Mama Kamili?"

Akatazama saa ya ukutani. "Katibu, gonga muhuri kwanza."

Niligonga mara tatu, moja ikaangukia mezani.

Alikwenda Kahama, akabadilishiwa dawa taratibu, na Nesi Apolonia akawa anamwuliza hali kila wiki. Kufikia Juni hakuwa ameanguka hata mara moja, na ule uzito ulikuwa umeondoka. Nilimsikia akicheka gulioni bila kuelekezwa na mtu, na ukweli nilifurahi sana.

Sasa, kanuni yetu ya saba, niliyoiandika kwa mkono wangu, inasema mwenye huzuni atasimamiwa na jirani ambaye daktari amethibitisha kuwa moyo wake uko salama. Tumesaka kata nzima. Mwenye cheti cha namna hiyo, kutoka kwa daktari wa Kahama, ni mmoja. Kwa hiyo kila Jumatatu Kamati nzima huripoti shambani kwa Mama Kamili, na huchuma pamba yake ikisubiri zamu ya kuulizwa hali. Jumatatu iliyopita aliniuliza hali, nikamjibu sijambo. Akanirudisha mwisho wa foleni mpaka nipate jibu la kweli. Nimeshachuma mistari minne, na jibu limeanza kuja.